Basi nikiondoa msuguano?

Gurudumu la chuma la kilo kama 20 lilikuwa limefungwa kwenye fremu iliyochomelewa vizuri sana, upande mmoja mota ya hospawa moja, upande wa pili alteneta ya gari, mikanda imekazwa, na chini pametulia betri kubwa ya N100 na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Tulikuwa tumejaa kwenye banda la bati nyuma ya Mwanjelwa, Mbeya, wengine wamesimama mlangoni. Kijana mwenye mashine akaishtua kwa umeme wa ukutani, gurudumu likaanza kunguruma mpaka sakafu ikawa inatetemeka, alafu akahamishia mota kwenye inveta na kuchomoa plagi.

Mashine ikaendelea kuzunguka.

Taa inawaka, TV inaonyesha, na plagi yenyewe ameinyanyua juu watu wote waione. Betri inalisha inveta, inveta inazungusha mota, mota inazungusha gurudumu, gurudumu linazungusha alteneta, alteneta inachaji betri. Hamna mafuta, hamna luku. Watu walipiga makofi na mimi nikapiga, maana kazi ya mikono ya yule dogo ilistahili makofi hata kama ndani ya saa hiyohiyo, kabla haijaisha, inveta ilianza kulia pii pii, gurudumu likalegea, TV ikazima.

Kulikuwa na mwalimu mmoja pale, mtu mzima, akamshika bega akamwambia, "Ni msuguano huo, mwanangu. Beringi zinakula nguvu yako."

Dogo akafuta mikono kwenye ovaroli. "Sawa mwalimu. Basi nikiondoa msuguano?"

Hakuna aliyemjibu. Mvua ilianza, watu wakatawanyika.

Hilo swali nimekaa nalo wiki kadhaa. Nafunga sola kwenye paa la mtu huku nalifikiria, nakula nalifikiria. Ni swali zuri kuliko jibu alilopewa, na naona tunawaumiza vijana wengi kwa kuwapa lile jibu.

Jibu linalokurudisha dukani

Ukimwambia fundi kwamba mashine yake inashindwa kwa sababu ya msuguano, umemwambia amebakiza kidogo. Atanunua beringi za bei. Atatafuta grisi ya kigeni. Atasikia kuna watu wanalifanya gurudumu lielee juu ya sumaku lisiguse kitu, ataanza kuchanga hela ya sumaku. Kila akishindwa atajua kosa liko kwenye vifaa, kwa hiyo tiba ni vifaa vingine, na huyu dogo ninayemwongelea ameshauza pikipiki iliyokuwa inamlisha.

Tumpe anachotaka basi. Tuondoe msuguano wote, beringi ziwe kamilifu, hewa tuitoe, mikanda isiteleze hata chembe. Tumepata nini? Tumepata gurudumu ambalo ukilisukuma halisimami. Dunia yenyewe inazunguka jua hivyo, miaka na miaka, bila mota wala kuchaji. Ila hiyo mizunguko haimwashii mtu taa.

Siku utakayoomba hilo gurudumu likuwashie taa, ndo siku litakapoanza kupungua kasi. Taa yenyewe ndo breki.

Jaribu na mota ya deki mbovu

Hili usiniamini mimi, lifanye kwa mkono wako. Tafuta mota ndogo ya DC, zile za kwenye deki mbovu au gari la mtoto la kuchezea. Zungusha shafti yake kwa vidole, waya zake mbili zikiwa zimeachana. Inazunguka kirahisi, unaskia vijikwaruzo kidogo tu vya sumaku. Sasa shika zile waya mbili uzisokote pamoja, shaba kwa shaba, alafu zungusha tena.

Imekuwa nzito.

Beringi ni zilezile, grisi ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa umeme una njia ya kupita, na ukishapita kwenye koili unatengeneza usumaku unaopinga kile kidole chako. Mwanafizikia Heinrich Lenz aliiandika kanuni hii mwaka 1834 akiwa St. Petersburg, na haijawahi kupindishwa hata siku moja. Umeme ukitoka, shafti inakuwa nzito, na uzito unaongezeka kadiri unavyovuta umeme zaidi. Waliowahi kuendesha baiskeli ya dainamo usiku wanaijua hii kwa mapaja yao, ukiibana dainamo kwenye tairi taa iwake unaanza kunyonga kwa nguvu.

Nadhani hapa ndo penye kiini chote. Alteneta haitengenezi nguvu. Inachukua nguvu ya shafti inaigeuza kuwa umeme, kwa hiyo kila wati inayotoka kwenye waya lazima mtu aiingize kwenye shafti, na yule mtu kwenye mashine ya dogo ni mota, na mota inakula betri.

Watu wengi wanadanganyika kwenye kupima. Unaweka maltimita kwenye alteneta isiyo na mzigo wowote, inasoma volti 14, vifijo. Lakini volti peke yake haifanyi kazi, mpaka ampia zitembee, yaani umeme wenyewe upite kwenye waya, na ampia zikianza kutembea tu shafti inakuwa nzito. Nimeona video nyingi za mashine za namna hii na karibu zote zinakuonyesha volti. Ampia ukiulizia, video imeisha.

Lile gurudumu zito

Kila mashine ya hivi ina gurudumu zito, na kila mtu ukimuuliza anakwambia gurudumu ndo linaongeza nguvu. Naelewa kwa nini. Ukiliona linavyozunguka unaogopa kusogea, unaskia kabisa kuna kitu kikubwa mle.

Nilikaa nikapiga hesabu ya lile la Mwanjelwa. Chukua sahani ya chuma ya kilo 20, nusu kipenyo sentimita 25, mizunguko 1500 kwa dakika. Nishati iliyomo ni kama juli 7,700 (juli ni kipimo cha nishati). Pasi ya wati 1000 inaimaliza yote chini ya sekunde 8. Au tuiweke kwenye petroli, maana lita moja ina juli kama milioni 32: gurudumu zima, pamoja na mngurumo wake wote, limebeba nishati ya robo mililita ya petroli. Kama matone matano.

Na hayo matone matano hayakuzaliwa mle ndani, yaliingizwa na umeme wa ukutani wakati wa kuishtua. Gurudumu linatunza na kusawazisha, kwa hiyo mota ikikatika ghafla mashine inachelewa kusimama, na ule uchelewaji ndo mtu anauona kama nguvu ya ziada.

Makato

Chukulia una elfu kumi, unaituma kwa simu kwa mtu, naye anakutumia tena, wewe unamtumia tena, mnazungusha hivyohivyo siku nzima huku kila safari ina makato. Jioni mtabaki na nini? Hata makato yakifutwa kabisa, jioni elfu kumi itakuwa elfu kumi.

Sasa weka namba za kawaida za vifaa vya mtaani. Zinatoka wati 100 kwenye betri. Inveta nzuri inapitisha 85. Mota ndogo ya kawaida inageuza robo tatu yake kuwa mzunguko, zimebaki kama 64. Alteneta ya gari ndo mlaji mkubwa, inatoa kama nusu na ushee tu, zimebaki 35. Betri ya maji nayo haitunzi kila unachoiingizia, kwa hiyo zinazorudi kukaa ni kama 28. Beringi, ambazo ndo zililaumiwa pale bandani, zimo ndani ya haya makato ila ni sehemu ndogo. Mengi ni joto la koili, joto la dayodi, joto la betri yenyewe. Shika alteneta baada ya nusu saa uone.

Lakini nataka urudi kwenye elfu kumi isiyo na makato, maana hilo ndo jibu la swali la dogo. Fanya kila kifaa kiwe asilimia 100. Zimetoka wati 100, zimerudi 100. TV umeibakizia ngapi?

Sifuri. Mashine kamilifu kabisa, isiyo na msuguano wala joto, ina sifuri ya kukupa.

"Hata ndege walisema haitaruka"

Nilipomwambia dogo hivi kwenye simu alinijibu na hoja ambayo mtu mwenye moyo wa kutafuta lazima aitoe. "Kaka, hata ndege walisema haitaruka."

Hoja hii iliniyumbisha siku kadhaa, kusema kweli, kwa sababu kuna wataalamu waliosema hivyo kwa kujiamini na wakaumbuka. Mpaka nikaona tofauti. Waliosema chuma hakiruki walikuwa na mwewe juu ya vichwa vyao, kitu kizito kuliko hewa kinaelea mchana kweupe, kwa hiyo swali lilikuwa jinsi tu. Kwenye mashine ya kujizungusha yenyewe hatuna mwewe. Mti unakula jua, mto unapandishwa na jua lililoinua maji kuwa mawingu, ng'ombe anakula majani. Hata lile bwawa la Nyerere pale Rufiji, megawati 2,115, ni jua na mvua. Tumetafuta kila mahali na hatujawahi kukuta kitu kinachotoa bila kuingiziwa.

Na hatujaanza kutafuta jana. Bhaskara wa India aliandika karne ya 12 kuhusu gurudumu lenye zebaki kwenye spoki zake. Villard de Honnecourt wa Ufaransa, karne ya 13, alichora gurudumu lenye nyundo saba zinazoanguka upande mmoja ili upande huo uwe mzito daima. Ukilitengeneza utaona nyundo za upande wa kushuka zinakaa mbali na ekseli ila ni chache, za upande wa kupanda ziko karibu ila ni nyingi, na mzani unalingana. Sumaku nazo vilevile, kile inachokupa ikikuvuta inakudai ukitaka kuondoka.

Kuna wanaosema serikali kubwa zinaificha. Mwaka 1986 maabara ya vipimo ya serikali ya Marekani ilipima mashine ya Joseph Newman, mvumbuzi wa huko aliyedai inatoa nguvu kuliko inayoingiziwa, kwa amri ya mahakama, baada ya yeye mwenyewe kushtaki kwamba amenyimwa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake. Kila kipimo kilionyesha kinachotoka ni kidogo kuliko kinachoingia.

Meno yaliyolika upande usio wake

Hiki kisa nakipenda, nitakaa nacho kidogo.

Mwaka 1812, Philadelphia, jamaa anaitwa Charles Redheffer alikuwa anaonyesha mashine inayozunguka yenyewe na kuendesha mashine nyingine kwa kutumia gia. Watu walikuwa wanalipa kiingilio. Akataka hela ya serikali, kwa hiyo Januari 1813 wakatumwa wakaguzi. Walikuta mlango umefungwa, wakaruhusiwa kuchungulia dirishani tu. Mmoja wa wakaguzi, Nathan Sellers, alikuwa amekuja na mwanawe Coleman, na ni huyu Coleman aliyeona meno ya gia yamelika upande usio wake. Kama mashine ya ajabu ndo inayosukuma, meno yake yalitakiwa kulika upande mmoja. Yalikuwa yamelika upande wa pili. Yaani kile kilichodaiwa kuendeshwa ndo kilikuwa kinaendesha.

Redheffer akahamia New York. Huko akaja Robert Fulton, yule wa meli za mvuke, akasikiliza tu mzunguko akagundua unayumbayumba, unaenda kasi unapungua, kama kitu kinachozungushwa kwa mkono. Akang'oa mbao mbili tatu ukutani, akakuta mkanda mwembamba wa utumbo wa mnyama unapita hadi darini, na kule juu mzee mwenye ndevu anazungusha mkono wa mashine huku anakula mkate.

Yule dogo wa Mwanjelwa si Redheffer. Hajaficha kitu, betri iko palepale chini kila mtu anaiona. Nilichochukua kwenye hiki kisa ni swali la Coleman: nani anamsukuma nani? Kwenye banda letu tuliamini gurudumu linailisha betri, kumbe betri ndo inalisha kila kitu.

Mwingine aliyeanza na ndoto hiyohiyo

James Joule, ambaye jina lake ndo hizi juli tunazopimia, alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha bia karibu na Manchester. Alipokuwa na miaka kama ishirini mota za umeme zilikuwa ngeni, naye alitengeneza za kwake akiwa na matumaini makubwa kwamba zitampa nguvu isiyo na kikomo na kuchukua nafasi ya injini za mvuke. Alikuwa na kipaji cha mikono kama huyu wetu.

Tofauti ni kwamba alipima. Aligundua mota ikizunguka kasi inajizuia yenyewe, na mwaka 1841 akapiga hesabu kwamba paundi moja ya zinki kwenye betri zake inanyanyua mzigo kama moja ya tano tu ya ule unaonyanyuliwa na paundi ya makaa kwenye injini bora za mvuke za Cornwall. Hakukimbilia kununua sumaku kubwa zaidi. Aliuliza nguvu inaenda wapi, akaifuata, akaikuta kwenye joto, na miaka michache baadaye alikuwa anashusha mizigo inayokoroga maji na kupima maji yamepata moto kiasi gani. Kupasha lita moja ya maji digrii moja tu unahitaji kilo moja ishuke mita 427. Ndoto ilimfia mkononi na kwenye mabaki yake akapata moja ya kanuni kubwa kabisa za sayansi.

Mwaka 1775 chuo cha sayansi cha Paris kilitangaza hakitapokea tena mashine za namna hii. Watu wanalitaja hilo kama kiburi cha wasomi. Lakini sababu moja waliyoitoa inaniuma kila nikiikumbuka: walisema kazi hii imefilisi familia, na mafundi ambao wangeweza kutoa huduma kubwa wameteketeza humo mali zao, muda wao na akili zao.

Hao ni watu wa Paris karne ya 18 wanamwongelea mtu aliyeuza pikipiki Mbeya.

Tulichopima

Nilirudi bandani na klampu mita inayosoma DC, kile kipimo unachokibana kwenye waya kikusomee ampia. Sikutaka kuhubiri. Tukabana waya unaotoka betri kwenda inveta, kama ampia 100. Tukabana unaorudi kutoka alteneta, kama 30. Dogo aliangalia namba, akazima, akawasha tena, akabana yeye mwenyewe. Akanyamaza.

Alafu wazo la pili lilikuwa lake. Akasema, "Hivi tukiichaji betri ijae, tuache mota kabisa, taa na TV peke yake kwenye inveta?" Tukaichaji. Usiku akawasha. Asubuhi akanipigia simu, ilikuwa inaonyesha mpaka alfajiri.

Betri ileile, TV ileile. Pamoja na mashine, haikumaliza saa moja. Mlaji mkubwa kuliko wote kwenye lile banda ilikuwa mashine.

Sijui ndani yake alijisikiaje. Mimi niliumia, kwa sababu ile fremu ni nzuri, na kwa sababu nilimkumbuka William Kamkwamba wa hapo Malawi, ambaye baada ya njaa ya 2001 na 2002 alikuwa nje ya shule kwa kukosa ada, akaokota feni ya trekta, fremu ya baiskeli, dainamo na mabomba ya plastiki, akaunda kinu cha upepo, akawasha taa kwao Kasungu. Vyuma chakavu vya aina ileile, umri mdogo kuliko huyu wetu. Yeye alikuwa na upepo unaoingia upande mmoja.

Na huyu dogo kwao ni Rungwe. Nyuma ya shamba la ndizi la mama yake kuna kijito kinachoshuka mwaka mzima. Amekulia hapo, ameoga hapo, na mashine ya kutafuta nguvu akaja kuifunga mjini kwenye banda lisilo na hata bomba.

Tumeshapiga hesabu ya awali. Tuseme tunapata lita 20 kwa sekunde, yaani ndoo kubwa moja kila sekunde, zikishuka mita 10. Hiyo ni karibu wati 1,960 kwenye maji, na kwa vifaa vya kujitengenezea tukipoteza nusu inabaki kama wati 980, mchana na usiku. Karibu yuniti 23 kwa siku. Kibali cha kutumia maji kinaombwa Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa, hilo nimeshaanza kuulizia.

Ameniuliza kama alteneta yake itafaa. Nimemwambia hapana, ile inataka kasi kubwa na inakula umeme wake yenyewe kujipa usumaku, bora tutafute mota ya fezi tatu iliyotumika tuigeuze kuwa jenereta kwa kapasita. Fremu na puli anazo tayari. Kapasita nitaleta mimi, na Jumamosi tunaenda kupima mteremko wa kijito kwa mpira wa maji wa fundi ujenzi.